Sauti ya Pili Kwenye CD ya Mama Mukankusi

Wadau, mimi siamini mizimu.

Lakini siku ile nilimaliza kuchoma CD, nikaiweka niisikilize, na katikati ya wimbo ikatoka sauti ya mwanamke ambaye kwenye santuri hakuwemo.

Nilivua hedifoni nikaziweka mbali nami.

Naitwa Hamdani, niko Gisenyi, Rwanda, mpakani na Goma. Kazi yangu ya nyumbani ni kuhamisha nyimbo za santuri kwenda kwenye CD kwa kompyuta. Msicheke. Wazee waliorudi kutoka Congo na santuri zao ni wengi kuliko mnavyodhani, na ukiwatajia flash wanakuangalia vibaya. Wanataka kitu wanachokishika.

Ulikuwa mwaka ule volkano ya Goma ilipolipuka, ardhi ikawa inatetemeka kutwa kucha. Kila mtu alikuwa na kitu chake cha kukimbia nacho nje. Jirani yangu godoro, mkewe sufuria la maharage. Mimi kompyuta.

Asubuhi moja akaja Mama Mukankusi, santuri kaifunga ndani ya kitenge. Marehemu mumewe, mzee Gakwaya, aliimba kwenye bendi Goma enzi hizo, na sauti yake ilikuwa imebaki kwenye santuri hiyo tu. Tetemeko lilikuwa limeiangusha kutoka kabatini. Ufa ulianzia ukingoni ukaingia mpaka karibu na katikati.

Kesho yake alikuwa anahamia Musanze kwa mwanawe, Gisubizo. Akataka kujua kama itaimba.

Nikamwambia ukweli. Itaimba mara moja. Tukikosa hapo, basi tena.

Mashine ya santuri niliiweka juu ya godoro lililokunjwa, mtetemo usiifikie sindano. Waya moja ikaenda kwenye spika ili asikie, nyingine kwenye kompyuta. Akaniuliza ile ya pili inafanya nini. Nikamjibu kwa Kiswahili cha Goma alichokizoea, ambako kompyuta ni ordinateur na ndiyo ni njo.

"Njo inabeba sauti, Mama. Ikitoka, ordinateur itasikia na sikio yake yenyewe. Hata ukikohoa itachukua. Donc usiguse hapa."

"Bon," akasema, akakaa kwenye stuli, mkoba magotini.

Sindano ikashuka. Tak, tak, ufa ukagonga, kisha Gakwaya akaanza, binti mmoja akimwitikia kwa chini. Jamani, yule mzee alijua kuimba.

Ubeti wa kwanza ukapita salama. Ndipo vioo vya dirisha vikaanza kulia.

Mkono wangu ulikwenda kwenye kompyuta kwa mazoea. Nikaurudisha. Nikiibeba, wimbo unakatika. Nikamshika Mama Mukankusi badala yake, nikamwambia tutoke.

"Toka we," akasema. "Mi niko naisubiri."

Nikamvuta, akajikaza. Kipande cha plasta kikadondoka mbele yetu, na hapo miguu yangu haikuniuliza. Nilijikuta uani napiga kelele: "Mama, toka inje! Nyumba itakuangukia!"

Majirani nao walikuwa wanapiga kelele, watoto wanalia, mabati yanagongana. Ardhi ilitulia kidogo ikaanza upya. Ule ufa wa ukutani niliokuwa nimeuzoea nikauona unapanuka. Nikawaza nitamwambia nini Gisubizo. Kwamba mama yako amefia kwangu akisikiliza muziki? Nikaenda mlangoni, jirani akanivuta shati akanirudisha. Sijawahi kuogopa namna ile.

Kisha pakatulia.

Akatoka taratibu, vumbi la plasta kichwani, santuri mikononi ikiwa vipande viwili.

"Imemaliza kuimba," akasema. "Nikaiinua, ikaachana."

Nilitaka kumfokea nikashindwa. Mtu ameweka roho yake rehani kuilinda sauti ya mumewe, utamfokea nini?

Nikatoa kompyuta, nikachomea CD uani. Ndipo niliposikia yale niliyowaambia mwanzoni. Ubeti wa kwanza safi. Wa pili, ghafla ni kama mtu kafungua mlango: ngurumo ikaingia, na sauti ya mwanamke ikapanda juu ya ile ya Gakwaya na ya yule binti. Sauti nzito, imezeeka, na haikosei neno.

Nilipoisikiliza tena ndipo nikaitambua: ni ya Mama Mukankusi. Nikarudi ndani kwa kunyata. Ile waya ya pili ilikuwa sakafuni; kompyuta ilikuwa imesikiliza chumba kizima kwa maiki yake.

Santuri imevunjika, nafasi ilikuwa moja, na tetemeko limenichomolea waya. Nikijaribu kumfuta yeye kwenye programu, mumewe naye anafutika.

Nikamfuata alipokaa, nikamwomba msamaha, nikamwambia kazi imeharibika. Akataka asikie. Nikamvisha hedifoni, akafumba macho mpaka wimbo ukaisha.

"Ile waya haikutoka na tetemeko," akasema. "Njo mi niliitoa."

Nikamuuliza kwa nini.

Akanieleza kwamba wimbo ule waliutunga wawili, yeye na Gakwaya, kwa sauti mbili. Siku ya kurekodi yeye alikuwa hospitali anamzaa Gisubizo, bendi ikamchukua binti mwingine. Tangu hapo, kila santuri ilipopigwa nyumbani kwake, mumewe alikuwa anaimba na yule binti. Gakwaya alimwahidi wataurekodi upya. Akafa na ahadi yake.

"Ulisema ni mara moja tu," akaniambia. "Ningengoja nini?"

Nikajitolea angalau nipunguze ngurumo na zile tak, tak za ufa. Akanizuia mkono. Nisiguse kitu.

CD iko Musanze sasa. Gisubizo ananiambia mama yake huipiga kila Jumapili akitoka kanisani. Gakwaya anaimba, mkewe anaimba, ardhi inanguruma, na kwa mbali mjinga mmoja anapiga kelele Mama, toka inje.

Ninyi mnaofanya kazi hii, kabla hamjausafisha wimbo wa mtu, muulizeni kwanza kelele ni ipi.