Ubeti wa Nne

Mwaka ule serikali ilikuwa imekwisha kuifuta Noeli kwenye kalenda, basi tarehe ishirini na tano Desemba tulikwenda kazini kama siku nyingine. Nilikuwa mwalimu wa darasa la pili huko Dilala. Mkurugenzi wa shule yetu, mtu wa kitambi na miwani ya jua, alikuwa akitungoja langoni sisi walimu tulioimba kwaya ya kanisa, uso umemchangamka utadhani Noeli imeletwa kwake.

"Bamama ba kwaya! Yesu yenu iko wapi leo? Alikamata congé?"

Nilikuwa na jibu kuhusu hiyo likizo ya Yesu. Siku zote nilikuwa na jibu, na mdomo wangu haukuwa na breki. Lakini alikuwa amenionya kwamba nikimjibu tena atanihamishia Sandoa, mbali sana na kwetu, na mama yangu alikuwa haoni. Nani angemshika mkono? Nikalimeza jibu langu, chungu kama kwinini.

"Umuombee," mwenzetu mkubwa kuliko sote akaninong'oneza.

"Namuombea," nikasema. "Namuombea tumbo imuume."

Kila asubuhi kabla ya masomo ilikuwa lazima kufanya animation, yaani kuimba na kukata kiuno mbele ya bendera kukisifu chama tawala. "Leo bana-kwaya ndio bataongoza," mkurugenzi akatangaza, akicheka peke yake. "Batoto baone namna Bakristu banacheza."

Maneno ya dini yalikatazwa shuleni. Basi mwenzetu yule akaisogelea ngoma, akaanza wimbo wa Noeli bila maneno, mm-mm tu, kwa mwendo wa kukata kiuno. Tukamfuata. Watoto wakacheza. Mkurugenzi naye, ambaye hakuwahi kuiacha ngoma impite, akaingia katikati, yeye akienda kulia na kitambi kikienda kushoto.

Ghafla mdomo wake ukafunguka. Yakatoka maneno yenyewe ya wimbo, kwa sauti nzito, macho amefumba. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kumbe alilelewa misheni! Aliimba hata ubeti wa nne, ambao sisi kwaya nzima hatuujui na huwa tunaupita kwa kukohoa.

Alipofumbua macho, ngoma ilikuwa imenyamaza zamani na shule nzima inamtazama. Watoto wakampigia makofi.

Akatuita ofisini. Miwani alikuwa ameivua. "Mutaenda kunisema ku chama? Batanifukuza. Mi niko na batoto."

Wenzangu wakanitazama mimi. Lo, jinsi nilivyotamani! Majibu yote niliyoyameza mwaka mzima yalinipanda kooni, na moja lilikuwa tayari kwenye ulimi, tamu sana, linahusu congé. Lakini yule mtu alikuwa akiniogopa mimi kama mimi nilivyoiogopa Sandoa. Nikamwonea huruma, na huruma yenyewe ikaniudhi.

"Tata Directeur," nikasema, "sisi tunaomba leo mangaribi. Hatuna basse, sauti nzito kama yako. Na hakuna mwenye kujua ubeti wa nne."

Alikuja kanisani jioni ile. Alikaa nyuma kabisa karibu na mlango, kofia ameivuta hadi masikioni. Ubeti wa nne ulipofika, sote tukakohoa kwa mazoea, naye akauimba peke yake hadi mwisho.