Kitu Kidogo Kuliko Wimbi la Mwanga

Jumapili, saa tisa na robo mchana. Ndiyo saa niliyofuta nusu ya ekspoze yangu ya fizikia, na Babu akaniona.

Kesho yake ilikuwa zamu yangu kuisoma mbele ya darasa. Nilikuwa nimeandika kwamba lensi inaweza kuonyesha vitu vidogo kuliko wimbi la mwanga. Profesa, mwalimu wetu wa fizikia, alishasema haiwezekani kabisa, na mimi hata jina langu likiitwa asubuhi najibu kwa kunong'ona. Babu, aliyefanya kazi miaka mingi katika labo ya hospitali akitafuta magonjwa ndani ya damu kwa mikroskopu, akachukua kaye yangu, daftari la fizikia, akasoma nilichofuta, akakaa. Maneno yake nayaandika kama alivyoyasema.

"Mwanangu, kuna siku moja ya vita hainitoki. Treni zilikuwa zimekoma kuja Kindu, labo imebaki na mikroskopu moja. Nilikuwa kijana, najiona sana. Nikaweka lensi ya juu yenye nguvu zaidi, mududu wa ndani ya damu akawa mukubwa, nikachora hata mistari ndani ya tumbo lake. Mukubwa wangu wa kazi, Mama Zaina, akaangalia, akacheka mpaka akavua miwani. 'Weye umekuza ukungu,' akasema. 'Hii mistari iko ndani ya kichwa yako.'

Akanipeleka mtoni Lualaba, akanionyesha wimbi likipita mti mwembamba wa kufungia mtumbwi. Upande wa pili wimbi lilikuwa zima, kama halikukutana na kitu. Mwanga nao njo vile, akasema: kitu kikiwa kidogo kuliko nusu ya wimbi lake, haukuletei habari zake.

Alisema kweli. Kosa ni langu, kweli ile niliifunga kufuli, kama haina neno la kuongeza. Vita ilipokwisha, binti mumoja wa Alunguli, ng'ambo ya mto, akaja kujifunza kazi, mupole kama weye. Akauliza kwa sauti ndogo: tukigusisha kashanga kadogo sana, ushanga wa kioo, juu ya kitu chenyewe, je, hatutakiona? Nikamujibu mbele ya wenzake, 'Weye mutoto unajua kuliko vitabu?' Hakuuliza tena.

Miaka ikapita, nikasoma kwamba watu wamefanya vile vile, na wameona. Nikarudi mtoni, muzee muzima, nikachutama. Mbali na mti, hakuna kitu. Lakini karibu kabisa na mti kuna tuwimbi tudogo twenye kutetemeka, twenye kufa mbele ya kufika mbali. Habari ya mti iko pale. Na kwa mwanga, kashanga kakigusa kitu kanaikamata kabla haijakufa.

Sasa sikia. Lensi ya kawaida, kwa mbali, haiwezi. Profesa wako hasemi uongo. Anza na hilo, kwa heshima. Halafu sema: kwa karibu, inawezekana. Ukiambiwa haiwezekani, uliza haiwezekani kwa njia gani. Na usinyamaze. Yule binti miye njo nilimunyamazisha, na sijui yuko wapi nimuombe radhi. Mungu akupe sauti, akupe na watu wa kuisikia."

Asubuhi nilisimama. Nikachora ubaoni wimbi na mti, na ushanga ukiugusa, nikasema: kwa mbali haiwezekani, kwa karibu inawezekana. Nyuma wakacheka kidogo, halafu wakaacha. Profesa akasogea karibu na ubao.

"Na ukiondoa ushanga?"

"Haiwezekani tena, Profesa."

Akawageukia wenzangu. "Andikeni."

Kaye zikafunguka darasa zima. Nikarudia sentensi yangu ya mbali na karibu pole pole, kwa sauti, ili hata wa mwisho kule nyuma aipate.