Uvimbe wa taya umenigombanishia mama na wifi

Admin, nifichie jina, ndugu zangu wengi wako humu. Mimi ni mama wa miaka 29, mzaliwa wa Lusu, Nzega, nimeolewa hapa Tabora mjini, Gongoni. Mume wangu ni dereva wa lori, nyumbani anapita tu.

Mwaka juzi niliota kinundu kwenye ufizi wa chini, nyuma kabisa. Hakikuuma, nikapuuza. Kikakua hadi shavu likajaa kama nimeficha andazi mdomoni, meno yakaanza kulegea. Mama akaniletea dawa ya kusukutua kutoka kijijini. Mdomo ukababuka, uvimbe uko palepale. Nikaacha kwaya, kanisani nikawa nakaa nyuma nimejifunika kanga usoni.

Aliyenishika mkono ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Tulikwenda naye hospitali Mwanza, wakakata kinyama kidogo wakapima. Daktari akasema, "Dada, hii siyo kansa, haitasambaa mwilini. Ila inakula mfupa, na dawa ya kumeza haipo. Tutakata kipande cha taya, tuweke chuma." Nililia sana. Wifi akaniambia, "Unalilia shavu, na uhai umeachiwa?" Tangu siku hiyo ananipondea chakula, maana kutafuna siwezi.

Nilidhani mama atafurahi. Wapi! Alisema uvimbe usiouma, tena siyo kansa, ni wa kutupiwa, na aliyenitupia ndiye anayenikorogea uji. Jumapili, mama akiwa hapa kwangu, wifi alikuja akapiga goti, "Shikamoo mama." Mama akageuza uso. Wifi akabaki pale chini, hajaitikiwa, mwanangu anaangalia. Kisha akainuka, akaondoka.

Mama akanigeukia: "Ukienda na yule mwanamke kukatwa, usiniite mama tena. Twende kwanza kwa mganga, hospitali haikimbii." Nikampigia mume wangu. Akanijibu, "Hayo mambo ya wanawake, malizaneni."

Operesheni ni wiki ijayo. Daktari ameonya kwamba nikichelewa watakata mfupa mwingi zaidi. Wifi yuko radhi abaki na mtoto ili mama anisindikize, lakini mama hataki hata kulisikia jina lake.

Uso kubadilika nimeshakubali. Kinachoniogopesha ni kulala kwenye kile kitanda nikiwa na laana ya aliyenizaa, au nikiwa nimemtupa aliyenibeba nilipokuwa siwezi hata kutafuna. Wapendwa, mngekuwa mimi, mngeondoka na nani?