Mamba wa Suguti Alimshika Nani

Nilimsikia dada yangu akisimulia habari yangu mbele ya watu, na akaisimulia kama yake.

Ilikuwa nyumbani kwake Kitaji, mchana wa siku mwanawe alipopata kipaimara. Wageni, padri akiwemo, walikuwa wameshiba pilau, soda zinazunguka, na mtu mmoja akataja mwanamke aliyejeruhiwa na mamba huko ufukweni mwa ziwa. Dada akaweka sahani chini.

"Mimi mwenyewe nilishashikwa," alisema. "Nikiwa mdogo, kwetu Suguti. Nimeinama nachota maji, akadaka kanga yangu. Kanga ikafunguka, akaondoka nayo. Mungu tu."

Watu wakaguna. Mama mmoja akafanya ishara ya msalaba. Mimi nilibaki na kijiko mkononi, kwa sababu aliyeinama kuchota maji siku ile nilikuwa mimi.

"Dada," nilisema, nikijitahidi kucheka, "hapo umejisahau. Yule nilikuwa mimi."

Aligeuka kwangu. "Wewe?"

"Mimi."

"Haya," alisema, akaanza kukusanya vyombo. Kaka yetu, aliyekaa jirani na mlango, akainamisha uso kwenye sahani yake, na mimi nikaona kwamba anajua jambo.

Habari ile nilikuwa nayo tangu utoto. Naiona kanga nyekundu, ndoo ya njano inabingirika kwenye mawe, nasikia harufu ya dagaa walioanikwa. Nausikia ule mvuto kiunoni. Nilimsimulia mume wangu wakati wa uchumba, nikawasimulia watoto. Hata wanafunzi wangu wanaijua, maana nafundisha saikolojia katika chuo cha ualimu Bunda, na kila tukifika kwenye mada ya kumbukumbu, naanza na mamba wangu.

Njia nzima ya kurudi Bunda nilikuwa naunganisha mambo. Kina mama wa kanisani kwao walikuwa karibu kuchagua kiongozi, na dada alitaka nafasi ile. Mtu aliyeokolewa na Mungu kwenye mdomo wa mamba si mtu wa kupitwa hivihivi. Na kaka atakuwa ameshapangwa. Nilipofika nyumbani nilikuwa na kesi nzima kichwani, na hukumu yake.

Jumamosi iliyofuata nikaenda Butiama kwa shangazi. Wazazi wetu wameshafariki, na yeye ndiye mtu mzima pekee aliyebaki kati ya wale tuliokuwa tunaishi nao Suguti. Swali langu nilikuwa nimelipanga. Wanafunzi wangu huwa nawaambia: ukimuuliza mtoto kama gari lilikuwa jekundu, umeshampa gari jekundu. Kwa hiyo nisingemtajia kanga, wala ndoo, wala jina la mtu.

Nilimkuta uani anamenya mihogo, amejitanda kitenge kipya.

"Shikamoo shangazi. Kitenge kimekupendeza."

"Marahaba mwanangu. Kaniletea dada yako, juzi tu hapa."

Amenitangulia.

"Alikuwa amefuata nini?"

"Kwani mtu hasalimiwi?"

Nikavuta kigoda. Nikangoja kidogo nisionekane nina haraka. "Shangazi, siku ile ya mamba, unakumbuka nini?"

Kisu hakikusimama. "Dada yako alikuja mbio, analia, miguu imechubuka kwenye mawe. Sweta ya shule imeenda na mamba."

"Sweta?"

"Si alikuwaga anaifunga kiunoni. Baba yenu alilalamika kununua nyingine mpaka tukachoka."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Wewe ulikuwa ndani na surua, macho hayafunguki. Mlikuwa mnalala kitanda kimoja. Kila siku ulikuwaga unamwambia, nihadithie mamba. Akinyamaza unalia. Mama yenu ndiye alikataza, akasema mtakuja kuota."

Sikumwamini. Jibu lilikuwa limenyooka mno, na kile kitenge kilikuwa bado kina mikunjo ya dukani. "Ni dada alikwambia useme hivyo?"

Hapo kisu kikasimama. "Mwanangu. Mimi nihongwe kitenge, niwauze watoto wa kaka yangu?"

Nikamwomba radhi, nikamshika mikono. Lakini hata nilipokuwa namwomba radhi, nilikuwa namchunguza macho.

Nikatoka nje ya ua, nikampigia dada simu. "Ulifuata nini kwa shangazi?"

Akasema, "Nilienda kumuuliza."

"Kumuuliza nini?"

"Kama ni mimi au ni wewe. Ulisema kwa uhakika mno siku ile. Nimefika mahali naiona kanga nyekundu, ile unayoitajaga wewe. Mimi miaka yote nilikuwa naiona ya kijani."

"Shangazi anasema ilikuwa sweta."

"Na mimi kaniambia hivyohivyo. Mimi sikumbuki sweta yoyote!"

Tukacheka, kicheko kifupi cha watu waliogonganisha vichwa gizani. Nikamuuliza kuhusu kaka. Akasema kaka aliona aibu tu, sisi watu wazima kugombea mamba mbele ya padri.

Nilitaka kumtilia shaka shangazi pia. Mtu aliyeweka sweta mahali pa kanga anaweza kuweka dada mahali pangu. Lakini surua niliijua. Naikumbuka vizuri: majani ya mwarobaini ndani ya maji ya kuoga, shuka limetundikwa dirishani, na sauti ya dada karibu kabisa na sikio langu, inaenda, inaenda. Miaka yote nilikuwa na sauti ile upande mmoja na mamba upande mwingine, na sikuwahi kujiuliza sauti ilikuwa inasema nini.

Dada hakugombea ule uongozi. Alisema hakuwahi kuufikiria, na nimeamua kumwamini. Darasani sasa nasema mamba alimshika dada yangu. Wanafunzi wanaandika. Mimi, nikiwa nimesimama mbele yao, kitu bado kinanivuta kiunoni.

Shida ni kwamba shaka haikuishia kwa mamba. Nina picha nyingine, ya baba amenibeba mabegani tunatoka kanisani, mvua inanyesha, amenifunika na koti lake. Juzi nilimwambia dada kwamba nataka kumuuliza kaka kama anaikumbuka.

"Hiyo usimuulize mtu," alisema. "Kaa nayo."

Sijamuuliza. Lakini kila picha ile inaponijia, najikuta nainua ncha ya koti, nauangalia kwanza uso wa yule mtoto.