Mugisho, filamu yako na friza ya Maman

Siamini bado. Jana nimetoka shift, nikashika simu, nikaandika "umefika?" kama siku zote. Nikatuma kabisa. Ndipo nikakumbuka hakuna wa kujibu.

Mugisho ametutoka. Moyo ulisimama akiwa kwenye tramu, anaenda kazini.

Kwa msiomjua: mtu wa Bukavu, mhudumu katika nyumba ya wazee huku Ulaya, hapa Molenbeek, tulikofanya kazi pamoja, sauti ya pili kwenye kwaya, na director wa filamu moja tu. Filamu ya wanaume wawili wanaopendana. Mmoja anataka kumwambia mama yake na hajui aanzie wapi.

Hakutunga sana. Mimi nilijua, yeye alijua kwamba najua, tukaendelea na shooting.

Crew ilikuwa ndogo. Mimi, mtu wa Tanga, kazi yangu kufua mashuka ya wazee, nikapewa cheo cha sound engineer. Kipaza sauti tulikifunga kwenye mpini wa fagio, tukakivalisha soksi. Soksi ilikuwa safi, hilo nalithibitisha kitaalamu.

Tulishuti jikoni kwa mama yake, Maman Faida, kule Berchem. Sharti lake lilikuwa moja: friza isizimwe. Imejaa sombe, yaani kisamvu, na samaki wa watu wa kanisa. Nikamwambia Mugisho sauti itaharibika.

"Bon," akasema, "weye uende umuambie Maman azime congélateur. Mimi nitabakia hapa na kamera, nifilmer namna unakufa."

Friza inanguruma filamu nzima.

Scene mnayoijua wengi ndiyo hii. Wale wawili wamekaa mezani, wameshikana mikono, wameinamisha vichwa, hawasemi kitu. Maman anaingia kutoka sokoni na mifuko yake, hajui kamera inakwenda. Anasimama. Anawatazama. Mimi na fagio langu nikaacha kupumua.

"Munaomba?" akauliza. "Bon, mumalize, mukule." Akaweka fufu, ugali wa kwao aliousonga asubuhi, katikati yao, akasema "Amina," akatoka.

Mugisho hakukata hata sekunde. Akaniambia hakuna actor wa Ulaya nzima angefanya vile.

Siku ya kuionyesha, ukumbi wa mtaa ulijaa. Nusu ya kwaya ilikuja, maana mtoto wao amefanya filamu, na walichokijua ni hicho tu. Kabla taa hazijazimwa Mugisho alinivuta pembeni. Jasho linamtoka. "Benye kutoka batoke," akasema. "Maman tu asitoke."

Wapo waliotoka. Tonton Gaston, mjomba wake, alitoka katikati kwa hasira, akarudi kuchukua kofia aliyoisahau, akakaa nayo mapajani mpaka mwisho. Hadi leo anasema alikuwa anatafuta kofia.

Maoni yakawa kila aina. Mmoja aliandika mtandaoni kwamba picha ina giza na waigizaji wanaongea kama wanasoma menyu. Mugisho akai-like. Kusema ukweli jamaa hakukosea sana.

Bwana mmoja mwenye skafu alisimama akasifu ule mngurumo usiokoma, akasema ni uzito wa uhamisho unaomfuata mtu mpaka mezani. Mugisho akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepanga. Nilikuwa karibu yake. Niliona mashavu yanavyopigana na kicheko.

Na mama mmoja wa kwaya akamshika shati: "Mi sikubali ile mambo yako. Lakini ule mwenye anangojea pale stesheni, Gare du Nord, na kahawa mbili, juu ya nini mwenzake hakuye? Haiko muzuri. Umuambie akuye."

Kwangu hiyo ndiyo review. Hakubaliani, ila anataka wakutane.

Maman hakutoka. Alikaa mstari wa mbele mpaka majina yakaisha. Mugisho akamwendea kama mtoto anayepeleka ripoti ya shule. Maman akarekebisha kitambaa chake: "Ile fufu inaonekana kidogo. Batu batasema ninanyima."

Basi. Hakuongeza neno, siku ile wala baadaye. Kila nikikutana na Mugisho nauliza, "Maman amesema?" Anajibu, "Fufu tu." Anacheka, lakini mwisho wa kile kicheko nilikuwa naona anavyosubiri.

Juzi tulikuwa matanga, pale pale Berchem. Wazee wanapanga nani atasema nini. Tonton Gaston akatoa mwongozo: tuseme kazi, tuseme kwaya, alors ile mambo ya filme tuiache.

Watu wakatazama chini. Mimi pia.

Maman alikuwa kwenye mkeka. "Nani anaiacha?" akauliza. "Mimi niko mule ndani."

"Dada, haukujua ile siku," Tonton akasema polepole. "Ulifikiri banaomba."

"Gaston. Mimi ni mama, haiko kipofu. Nilijua habako banaomba. Njo maana nilisema amina."

Kisha akanigeukia: "Weye wa fagio. Iko kwa simu yako? Uweke pale kwa televizio."

Tukaitazama wote, Tonton na kofia yake mapajani. Friza ya kwenye filamu ikanguruma, ya jikoni ikaitikia, na hakuna aliyethubutu kwenda kuizima.

Mugisho, uliondoka hujui. Mwenzio nimebaki na jibu mkononi kama yule wa kahawa mbili, ndiyo maana nakuandikia hapa mbele ya watu. Maman amesema. Alishasema siku ile ile, na wewe ndiye uliyeshika kamera.

Pumzika sasa, director wangu. Ulale vizuri. Amina yako unayo.