Fimbo ya Kupimia Maji

Mudathiri Hilali alizaliwa Kibondo, nyuma ya duka la baba yake la vitenge na sabuni, na mpaka anatimiza miaka thelathini na moja hakuwahi kuchafua viatu kwa sababu ya kazi. Udereva aliufanyia Kigoma mjini, teksi ya kwenye lami, na dereva mzuri wa lami alikuwa, hilo asinyimwe. Kwa hiyo Novemba 2012, alipoajiriwa kuendesha gari la wagonjwa la kituo kimoja cha afya katika vilima vya Kasulu, alidhani amepata kazi anayoijua. Binadamu hatuchoki kujidanganya.

Gari lilikuwa Landikruza kuukuu, na aliyekuwa nalo ni Mzee Kipriani wa Makere, mtu mfupi, mchache wa maneno, aliyeliendesha miaka kumi na tisa mpaka mgongo ukagoma. Zilikuwa zimebaki wiki tatu astaafu, na katika wiki hizo akaambiwa amfundishe mgeni.

"Mwakeye," Mzee Kipriani alimsalimu asubuhi ya kwanza, kisha akamtazama miguuni. "Vua."

"Viatu, mzee?"

"Gari halina nyayo za kuhisi. Nyayo ni zako."

Akamtembeza pekupeku kilomita mbili za barabara ya tope, gari likiwa limezimwa nyuma yao. Hapa juu panateleza ila chini ni pagumu, pita. Hapa juu pamekauka vizuri, lakini chini ni uji, usipasogelee. Mudathiri aliitikia "ndiyo, mzee" kila mara, na moyoni alisema mzee huyu ana haki ya kustaafu.

Ijumaa ya kwanza kiburi chake kikalipwa. Katika magari yale ya zamani, kuvuta tu gia ya fo-wili hakutoshi. Dereva lazima ashuke, ainame kwenye kila gurudumu la mbele, azungushe kifungo cha katikati mpaka kishike. Asipofanya hivyo, magurudumu ya mbele yanasindikiza tu. Mudathiri alikuwa amevaa kanzu nyeupe tayari kwa swala, na wanawake walikuwa wanapita wakitoka shambani. Akashuka, akazunguka gari, akaligusagusa gurudumu kwa ncha ya kidole, akarudi. Mzee akamuuliza kama amefunga. Akasema amefunga.

Mita arobaini mbele gari likazama hadi tumboni. Mzee Kipriani akashuka, akatoa jembe nyuma, akampa, kisha akakaa juu ya jiwe akatafuna hindi lake la kuchoma punje kwa punje. Mudathiri alichimba saa mbili na nusu. Swala ilimpita, kanzu ikawa rangi ya udongo, na wale wanawake walisimama wakacheka mpaka wakachoka.

"Kukwama si kosa," Mzee alimwambia mwishoni. "Tunakwama wote. Kosa ni kusema umefunga na hujafunga. Mjini utamdanganya trafiki. Huku utamdanganya nani?"

Tangu siku hiyo Mudathiri akajifunza kweli. Alijifunza kupunguza upepo wa matairi kwenye tope, kushuka mlima wa utelezi kwa gia ndogo bila kukanyaga breki, na kuweka dole gumba nje ya usukani, kwa kuwa gurudumu likigonga jiwe usukani hurudi kwa nguvu; dole gumba la Mzee Kipriani lilikuwa limepinda milele kwa somo hilo. Siku ya kuagana, mzee alimkabidhi fimbo ya mti mgumu yenye alama mbili zilizochongwa kwa kisu.

"Ya chini ni muundi wako, ya juu ni goti. Kila mto, shuka uingie mwenyewe kwanza. Maji yakipita alama ya juu na yanavuta, geuza. Usimsikilize mtu."

Ni rahisi kusema usimsikilize mtu.

Machi 2013 waliitwa kijiji cha Nyarusange, ng'ambo ya Mto Rwantabo. Asubuhi mto ulikuwa chini ya muundi, wakavuka bila shida, Mudathiri na nesi Loyce. Walimkuta Esteria, mwanamke wa miaka ishirini na mbili, uchungu wa mimba yake ya kwanza umemshika tangu jana yake na mtoto hashuki. Wakampakia pamoja na mumewe Laurent. Waliporudi mtoni, mvua ilikuwa imenyesha huko juu vilimani, na Rwantabo haukuwa tena ule wa asubuhi.

Kuvuka pale, hospitali ilikuwa mwendo wa dakika arobaini. Kuzunguka kupitia mgongo wa mlima na kutokea Makere, saa tatu na nusu.

Mudathiri alivua viatu akaingia na fimbo. Hatua ya kwanza, muundi. Ya tatu, goti. Ya tano maji yakamfika kiunoni na mguu ukahama bila yeye kuuhamisha. Akarudi amelowa, akakuta Laurent ametoa kichwa dirishani.

"Vuka, ndugu dereva. Nakuomba. Gari hili lina nguvu, nimeliona likipanda milima."

"Yanavuta, kaka."

"Mke wangu anakufa! Vuka!"

Nesi Loyce alisema tu, "Dereva ni wewe."

Aligeuza. Kwa saa tatu na nusu zote Laurent hakunyamaza. Esteria walimfikisha akiwa hai. Mtoto alizaliwa amekufa. Mvulana, kilo tatu na ushee.

Baada ya hapo watu wakasema, na watu wakisema hawapimi. Walimwita dereva wa lami. Kijana mmoja wa bodaboda akaapa kwamba alivuka mto uleule jioni ileile na maji hayakumlowesha magoti. Labda alivuka, labda alivuka kwa mdomo. Mto wa mvua hupanda saa hii ukashuka saa ile. Mudathiri aliyajua hayo yote na hayakumsaidia. Alifunga safari mpaka Makere, akamweleza Mzee Kipriani tangu mwanzo hadi mwisho, akamwuliza kama alikosea.



"Sikuwepo, mwanangu. Maji usiyoyafika hujui kina chake. Aliyeyafika ni wewe."

Mudathiri alirudi na uchungu mkubwa kuliko aliokwenda nao. Alitaka kuambiwa ndiyo au hapana. Maana jambo lililokuwa linamla halikuwa maneno ya watu. Alikuwa hajui tena kama siku ile ulikuwa mto au ulikuwa woga wake. Aliendelea na kazi, akawapitisha wagonjwa wengi mahali pabaya, akasifiwa hata na waliomcheka. Lakini kila alipoingia majini na fimbo, aliyapima maji na hakuiamini miguu yake.

Ilifika Februari 2015. Simu ikapigwa kutoka Nyarusange, na mgonjwa akawa Esteria tena. Safari hii walikuwa wamepanga vizuri: wiki ileile ahamie kwa shangazi yake Kasulu akasubirie karibu na hospitali. Uchungu ukawahi kwa siku kumi. Mudathiri akavuka Rwantabo mchana, maji yakiwa chini ya muundi, akiwa na nesi Loyce kama mwanzo.

Laurent alimsaidia mkewe kupanda, akakaa mbele. Hakumsalimu dereva. Walipokaribia mto, mvua ikawa inaonekana imening'inia juu ya vilima, na maji yalikuwa mekundu, yamebeba majani.

Mudathiri alizima injini. Akachukua fimbo, akafungua mlango, akavua kiatu kimoja, akabaki hivyo, mguu mmoja chini. Hakuweza kuingia. Aliogopa mto, na zaidi ya mto aliogopa kurudi kwenye dirisha lile na kusema neno lilelile kwa watu walewale. Nyuma Esteria aliuma kitenge asipige kelele.

Laurent alimtazama. Kisha akashuka upande wake, akazunguka mbele ya gari, akanyoosha mkono.

"Nipe."

Akaichukua fimbo, akakunja suruali, akaingia. Mudathiri alimwona akienda haraka mwanzoni, kama mtu anayekwenda kuhakikisha jambo alilokwisha kulijua. Hatua ya tatu, goti. Ya nne, maji yakapita kidogo alama ya juu. Hapo Laurent akayumba. Fimbo ikalala, mguu ukamtoka, akaanguka upande akameza maji, na ni jiwe tu alilolishika lililomzuia. Mudathiri alikuwa ameshaingia mtoni, kiatu kimoja mguuni, akamshika mkono wakarudi wote ukingoni wakitambaa, Laurent akiiburuta fimbo.

Laurent alikaa kwenye tope akikohoa. Aliinuka, akaenda kwenye dirisha la nyuma, akasema na mkewe kwa Kiha, maneno machache. Kisha akamgeukia dereva.

"Siku ile nilikuwa nimekaa garini. Nilikuona maji yamekufika kiunoni. Leo hayajafika hapo." Akapangusa maji usoni. "Geuza, ndugu yangu."

Mudathiri akainama kwenye gurudumu la kushoto akafunga, akainama kwenye la kulia akafunga. Alilia akiwa ameinama, na hakujificha. Akageuza.

Walipanda mgongo wa mlima kwa gia ndogo, taratibu, bila kukanyaga breki kwenye miteremko. Kabla hawajaifikia barabara ya Makere, nesi Loyce aligonga kioo kwa nguvu, akasema simama. Gari likasimama katikati ya mashamba ya mihogo. Wanaume wawili walishuka, wakasimama mbele ya boneti wakiangalia barabara mpaka waliposikia mtoto analia.

Alikuwa msichana. Hospitali walimpokea akiwa mzima na mama yake mzima. Mudathiri alipokuwa akiosha tope kwenye gari uani, Laurent alitoka wodini na ile fimbo, aliyokuwa ameipakata magotini njia nzima. Alikuwa ameifuta ikakauka. Akamkabidhi kwa mikono miwili, na Mudathiri akaipokea kwa mikono miwili.