Nilivyokausha pipi ya Kijapani kwenye uchanja wa samaki, wakwe wakiwa njiani

Wakuu, salamu kutoka Sumbawanga. Baridi ipo kama mlivyoiacha.

Nianze na ujinga wangu kabisa: niliwahi kumaliza sukari yote ya posa ya dada yangu kwa kupika pipi. Sijaongeza chumvi. Chumvi ndiyo kitu pekee ambacho sikutia.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, sukari ni ya mgao, inapitia kwa balozi wa nyumba kumi. Nilikuwa nimemaliza fomu foo, nasubiri kazi, na mahali nilipoisubiria ni jikoni kwa mama. Vijana wenzangu wa Majengo walicheza mpira. Mimi niliogopa upepo.

Sasa, kulikuwa na Mjapani akifundisha ufundi wa magari pale mjini. Alinionjesha pipi ya kwao: nje inavunjika kama kioo, ndani laini kama jeli.

Akanieleza inavyopikwa. Unachemsha agar, zile nyuzi kavu za mwani ambazo Waislamu wenye maduka waligandishia faluda ya Ramadhani. Unatia rangi na sukari nyingi. Ikiganda unakata vipande, unaviacha vikauke siku kadhaa mpaka vifanye ganda.

Neno "nyingi" nililitii bila maswali. Sukari ikaisha.

Mama akauliza wakwe kutoka Kaengesa watakunywa nini. Nikasema chai isiyo na sukari, huku waking'ata pipi, maana mjini sukari ikiadimika watu walifanya hivyo. Dada Sesilia alinitazama kama mtu anayechagua mahali pa kupiga.

Kuhusu kukausha, Mjapani alisema mahali pakavu. Wakuu, kwa Mfipa mahali pakavu panajulikana: uchanja wa juu ya moto. Mahindi ya mbegu yako huko, maharage yako huko. Wiki ile kulikuwa na samaki pia, migebuka kutoka ziwani.

Vipande vikakauka vizuri, vyekundu, vinang'aa. Sikuonja. Niliwaheshimu wageni.

Wakaja, tukawaamkia, chai ikamiminwa. Mshenga, mzee wa koti na meno machache, akang'ata. Ganda likavunjika kama kioo, hapo sikukosea.

Kisha akaacha kutafuna.

Akauliza taratibu kama kwetu samaki huliwa na chai. Halafu akauliza nililokuwa naliogopa: "Hiki amepika binti?"

Sesilia akainamisha kichwa. Akikana yeye, nani angemwamini? Nani anaoa mpishi wa namna ile?

Nikapiga goti. "Hapana, baba. Nimepika mimi."

Mzee akanipima juu mpaka chini. Akauliza kama nina kazi. Nikasema bado. Hapo akatulia kabisa, akawaambia wenzake maongezi yaendelee, maana tatizo la nyumba hii halihami na binti.

Sesilia akaolewa.

Nilichojifunza: pipi hii ni tamu kweli, ipikeni. Ila kausheni kwenye ungo, dirishani, mbali na kitu chochote kilichowahi kuwa na macho. Na kama kuna aliyewahi kulisha wakwe maajabu, aje hapa chini, nisibaki peke yangu.

Maana siku ile nilidhani nimeibuka shujaa. Wageni walipoondoka, jirani yetu Mama Kalista, aliyekuja kutusaidia kuosha vikombe, akaokota kipande, akakinusa, akakirudisha kwenye sahani.

"Dada yako kapata mume," akasema. "Wewe tafuta mke asiye na pua."